Kumrudisha mgonjwa nyumbani si kumtupa

Daktari akishasema saratani imesambaa na dawa za kuitibu hazina kazi tena, ukoo hugawanyika. Upande mmoja unataka rufaa nyingine: Muhimbili, KCMC, India, au kwa mtumishi mwenye upako. Upande wa pili unasema tumpeleke nyumbani apumzike. Mara nyingi hawa wa pili ndio wanaomuuguza, na wale wa kwanza wako mbali, kwenye simu. Neno linalotoka kwenye simu hiyo wengi tumelisikia: "Mnataka kumuua mama."

Nianze na hao wa kwenye simu, maana si watu wabaya na wana hoja. Kwanza, kuna "hatuna la kufanya" ya kweli, na kuna ile yenye maana ya "hapa wilayani hatuna mashine." Mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi anayetoka damu, au yule ambaye ugonjwa umemwingia mifupani, anaweza kupata nafuu kubwa kwa kupigwa mionzi hata mara moja, ingawa haponi. Kumrudisha huyo nyumbani kabla hajafika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ni kumdhulumu. Pili, na hili linauma zaidi, kwa familia nyingi "tumpumzishe" ni namna ya heshima ya kusema hela zimeisha. Uamuzi wa mfuko mtupu hauwezi kuitwa hiari. Na kwa kuwa wengi wetu hufika hospitali ugonjwa uko hatua ya 3 au ya 4, ndugu ana haki ya kuuliza kama kweli tumejaribu au tumekata tamaa mapema.

Yote hayo nayakubali. Lakini lawama ya kuua imejengwa juu ya dhana kwamba hospitalini mtu anatibiwa na nyumbani anangoja tu. Anayesema hivyo hajawahi kuona tiba shufaa, yaani ile ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa mkubwa, ikifanywa sawasawa. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu inayonywewa, ina ratiba: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi huongezwa maradufu ili mgonjwa alale mpaka alfajiri bila kuamshwa na maumivu. Haingojwi mpaka alie ndipo apewe. Pamoja nayo kuna dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga tumbo. Nchini Uganda wasio nayo hufundishwa kusaga mbegu kavu za papai. Kuna kumgeuza kila baada ya saa chache, kusafisha kinywa, kuandika kwenye daftari alipewa nini na saa ngapi. Huko ni kungoja?

Mwaka juzi kwetu tulimuuguza shangazi, titi likiwa limefumka kidonda. Kilichowafukuza wageni ilikuwa harufu. Watu walifika, wakasimama mlangoni, wakasema wana haraka. Muuguzi wa tiba shufaa alipokuja akaagiza vidonge vya Flagyl, vilevile vya kuhara tunavyovijua sote, akatuonyesha kuvisaga mpaka viwe unga na kuunyunyizia kidondani kila tunapokisafisha. Hazikupita siku nyingi majirani walikuwa wamekaa mkekani wanachambua mchele, shangazi katikati yao akiwakosoa. Wodini alikolazwa kabla ya hapo hakuna aliyetuambia habari hiyo, na vidonge vilikuwa duka la dawa la mtaani siku zote.

Kuhusu kufupisha maisha, kuna utafiti mmoja ambao ningetamani kila ndugu mwenye simu ausome. Ulifanyika Boston ukachapishwa mwaka 2010, kwa wagonjwa 151 waliokutwa na saratani ya mapafu iliyokwishasambaa. Waliopewa tiba shufaa tangu mwanzo waliishi miezi 11.6 kwa wastani wa kati, yaani nusu yao walivuka hapo. Waliopewa matibabu ya kawaida peke yake, miezi 8.9. Na wale wa kwanza hawakuandamwa na matibabu makali siku za mwisho kama walivyoandamwa wa pili. Haki isemwe: hao wa Boston hawakunyimwa matibabu ya saratani, walipewa yote mawili. Kwa hiyo utafiti haumsaidii mtu anayetaka kuacha hospitali mapema. Ila unaivunja hoja kwamba kumtuliza mtu ni kumharakisha.

Hofu ya mofini nayo ina wenyewe, wakiwemo madaktari. Wanaogopa uraibu, wanaogopa karatasi za vibali. Hapa jirani zetu wa Uganda wametutangulia. Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini ya unga ikawa inachanganywa na maji na kutiwa rangi kutofautisha nguvu zake. Mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika bila kumngoja daktari. Ni dawa ya bei ndogo. Hata hivyo, tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2017 ilikuta kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1. Tunagombana kuhusu wapi mama afie wakati kinachokosekana ni chupa ya mofini.

India nayo ina lake. Watu wanauza viwanja kumpeleka mgonjwa huko, na ndani ya India hiyohiyo jimbo la Kerala limesifika duniani kwa mitandao ya majirani wa kujitolea wanaowatembelea wagonjwa majumbani mwao, hadi serikali ya jimbo ikatunga sera ya tiba shufaa mwaka 2008. Hilo hatuendi kuliiga, kwa sababu halina tiketi ya ndege.

Halafu kuna mambo ambayo wodi haiwezi kuyatoa hata ikiwa na kila kitu. Saa ya kuona wagonjwa ikiisha mlinzi anapita akifukuza watu. Nyumbani mgonjwa ana nafasi ya kutaja deni la fundi na hati ya shamba ilikofichwa, ya kuombana radhi na mdogo wake waliyenuniana. Wapo wa kumsomea Yasini au kumwimbia tenzi, na wa kumtamkisha shahada muda ukifika. Lakini haya yanawezekana tu kama ameambiwa ukweli, na familia zetu hupenda kuuficha "asivunjike moyo." Naelewa kwa nini. Ila mgonjwa anajua. Anaona watu wanavyonong'ona koridoni. Naye anatulindia siri yetu, na hati ya shamba haisemwi.

Upinzani mkubwa ambao sina jibu rahisi kwake ni huu: nani anabeba? Wanaosema tiba ya nyumbani ni ujanja wa kuhamishia wodi sebuleni, na wodi hiyo kumwachia binti ambaye hajaolewa au aliyeachika "kwa kuwa hana kwake," wanasema kweli tupu. Ni yeye anayefunga genge lake. Ni yeye anayelala chini kando ya kitanda.

Tazama sheria inavyomwona. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinampa mfanyakazi wa Tanzania Bara angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifa. Kinampa pia akifiwa na mke au mume, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Rudia kusoma. Mtoto: kuugua au kufa. Mzazi: kufa. Mke, mume: kufa. Mama akiwa hai, anahitaji kugeuzwa asitokwe vidonda vya mgongo, kifungu hicho hakina siku ya kukupa. Akishafumba macho, kinakupa siku 4. Na hao ni wenye ajira rasmi. Mama lishe na fundi cherehani wala hawamo kwenye mazungumzo.

Tusiwacheke waliotunga sheria, kwani sisi wenyewe ndivyo tulivyo. Mtu akifa kundi la WhatsApp linafunguliwa kabla ya jioni, mhazini anapatikana, majina yanapangwa na kiasi mbele yake, na asiyechanga anajulikana. Turubai, viti, jeneza, basi la kusafirisha, fulana zenye picha, vyote vinapatikana. Wiki tatu kabla, binti huyohuyo aliomba pampasi za watu wazima na nauli ya muuguzi, akapata emoji za mikono iliyofumbatwa. Sisemi mazishi yafanywe kwa aibu. Nasema mhazini angeweza kuteuliwa siku ile mgonjwa anatoka hospitali, na zamu za usiku zikapangwa kwenye kundi hilohilo, wajomba na wakwe wakiwemo, na aliye mbali akalipa mtu wa kufua mashuka. Ndugu wa kwenye simu angepata kazi bora kuliko kulaumu.

Serikali nayo isipewe msamaha kwa sababu ukoo umejipanga. Nyumbani pasipo muuguzi anayefika walau mara moja kwa wiki, namba ya kupiga usiku, na mofini, hapastahili kuitwa mahali pa tiba. Kwa hiyo ushauri wangu una mpaka. Kama uko wilaya ambayo hospitali haina mofini ya maji, usikubali karatasi ya ruhusa kwa sababu tu umesoma makala kama hii. Uliza kwanza chupa iko wapi, nani ataijaza ikiisha, na kwa siku ngapi. Wakikosa jibu, mwache mgonjwa kitandani kwao na umpigie yule ndugu wa rufaa, kwa maana siku hiyo yeye ndiye mwenye haki.