Darasa la mtoto mmoja

Binti yangu alikuwa na miaka tisa nilipogundua kwamba hajui hesabu za sehemu. Ilikuwa mwaka 2020, shule zimefungwa karibu dunia nzima. UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walioathirika, na mmoja wao alikuwa mezani kwangu na penseli mdomoni. Nilimuuliza ipi kubwa, theluthi au robo. Akajibu robo, bila hata kusita, kwa sababu nne inazidi tatu. Ripoti zake zote zilikuwa zimeandikwa "anaendelea vizuri."

Tulikaa na jambo hilo siku nne, likaisha. Darasani lingeweza kumfuata mpaka kwenye aljebra, kwa maana mwalimu mwenye watoto arobaini husahihisha jibu. Hana muda wa kumuuliza kila mmoja amelipataje.

Hapo ndipo ninapowapa haki yao wazazi wanaosomesha watoto nyumbani. Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mtafiti wa elimu wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa na mkufunzi wake mwenyewe, na kusubiriwa aelewe somo kabla ya kuvushwa, aliwapita asilimia 98 ya waliofundishwa kwa mtindo wa kawaida wa darasa. Tafiti za baadaye zilipata pengo dogo kuliko hilo, ila faida yenyewe haikupotea. Ongezeni mtoto anayeonewa na wenzake, mgonjwa wa mara kwa mara, au yule ambaye herufi zinamchezea machoni na kila siku anaitwa mvivu. Kwa watoto hao, nyumbani kunaweza kuwa mahali pa kwanza ambapo hawasomi kwa hofu.

Lakini wakufunzi wa Bloom hawakuwa wazazi wa wale watoto. Hilo watetezi wa elimu ya nyumbani hulipita haraka, kama wanavyopita haraka kwenye takwimu za Marekani zinazoonyesha watoto wa nyumbani wakipata alama za juu. Nyingi zilitokana na familia zilizojitolea kupimwa. Mzazi ambaye mtoto wake ana miaka kumi na hajui kusoma, atajitolea kwa lipi?

Swali la "atacheza na nani?" halininyimi usingizi. Watoto hukutana: kwenye michezo, kwenye nyumba za ibada, kwa binamu zao. Kinachonisumbua ni watu wazima. Shule, hata iwe mbovu kiasi gani, humpa mtoto watu wazima kadhaa ambao hawakumzaa. Mmoja ni mkali, mwingine anapenda wadudu kuliko mtaala, wa tatu anaona kipaji ambacho nyumbani tulidhani ni utundu. Na mmojawapo, siku mbaya, ndiye ataona alama ya kipigo mkononi na kuuliza imetoka wapi. Mtoto anayefungiwa na mzazi katili akiitwa "mwanafunzi wa nyumbani" hana mtu wa kumuuliza.

Serikali zimelijibu suala hili kila moja kivyake. Ujerumani inalazimisha mtoto kuhudhuria shule, na mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyakataa malalamiko ya familia moja iliyotaka kusomesha watoto wake nyumbani kwa sababu za kidini. Marekani elimu ya nyumbani inaruhusiwa katika majimbo yote, ila Texas haimlazimishi mzazi hata kutoa taarifa, wakati Pennsylvania inadai kazi za mtoto zikaguliwe kila mwaka na mtathmini mwenye sifa. Kwangu Ujerumani imekaza mno na Texas imelegeza mno. Mtu wa nje aje mara moja kwa mwaka, amwone mtoto, wazungumze bila mzazi kukaa katikati. Mzazi mwema hapotezi chochote kwa hilo zaidi ya asubuhi moja.

Kuna pia gharama isiyoandikwa kwenye bajeti: mshahara wa aliyebaki nyumbani, ambaye mara nyingi ni mama. Huambiwa vitabu ni vya bure kwenye intaneti. Ni kweli, vitabu ni vya bure. Miaka kumi ya kazi yake je? Na hesabu za darasa la nne zina mwisho. Zinakuja kemia na fizikia, na hapo moyo wa upendo haujui kusawazisha milinganyo.

Mimi, hata hivyo, sikushindwa na kemia. Mwezi wa tatu wa ualimu wangu nilikuta daftari la hesabu limefichwa chini ya godoro, kurasa mbili zimejaa makosa. Mtoto ambaye zamani alikuwa akinililia akianguka alikuwa ameanza kunificha. Jioni tukila, alikuwa akinitazama usoni kwanza, kupima kama bado ni mwalimu au nimesharudi kuwa mama.

Shule zilipofunguliwa nilimuuliza kama angependa tuendelee nyumbani, kwa kuwa alama zilikuwa zimepanda kweli. Akafikiri. "Mama, ukiwa wewe ndiye mwalimu, mwalimu akinigombeza nitamsemea kwa nani?"

Akarudi shule. Jumamosi asubuhi huniletea daftari la hesabu mwenyewe.