Mahakama Inayohesabu Siku

Mama mmoja aliniambia jikoni kwake, maji ya chai hayajachemka, kwamba watoto wake walipochukuliwa na idara ya ustawi wa watoto alikaa kimya karibu wiki mbili akingoja wazee wa kanisa wakutane. Ndivyo alivyolelewa kwao Kivu: nyumba ikiharibikiwa hukimbilii mbele ya watu kujisemea mwenyewe, unatafuta mtu mzima akusemee. Wazee walikutana kweli. Wakafunga, wakaomba, wakachagua wawili wa kumsindikiza. Kumbe ile bahasha ya Kiingereza aliyoiweka juu ya friji ilikuwa na tarehe ya kikao cha kwanza, na kikao hicho kilishapita bila yeye kuwepo.

Amenipa ruhusa kuandika haya bila jina lake. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisindikiza familia zinazosema Kiswahili kwenye mahakama za watoto huku kusini mwa California. Yanayosemwa ndani ya vyumba vile siyasimulii. Ni siri kwa sheria, na hata yasingekuwa siri, watoto wale watakua, na hawastahili kuyakuta maisha yao mtandaoni. Ninachotaka kusema kinahusu muda. Wazazi wetu wengi wanaumia mahakamani kwa kungoja, na vijana wetu wengi wanaumia kwa kuharakisha, na pande zote mbili zinaumia kwa sababu hakuna aliyewaeleza saa ya mahakama hii inavyokwenda.

Tatizo linaanza na jina lenyewe. Kwa Kiingereza mahakama hii inaitwa kwa neno linalotokana na kutegemea, dependency, na mara nyingi nimesikia likifasiriwa kuwa “mahakama ya utegemezi”. Mzazi akisikia hivyo anadhani wanabishania nani anamlisha nani, basi anakuja na hati za mshahara na risiti za dukani. Sivyo. Maana yake ni kwamba serikali inadai mtoto hayuko salama nyumbani, na inamwomba hakimu amweke chini ya ulinzi wa mahakama. Mimi nimeshazoea kuiita mahakama ya ulinzi wa mtoto. Wengine wanaambiwa kwamba hii si kesi ya jinai, hakuna anayefungwa, na hapo wanashusha pumzi. Ni kweli hakuna anayefungwa humo. Lakini humo ndimo mtu anaweza kuondolewa haki ya kuwa mzazi wa mtoto aliyemzaa, moja kwa moja.

Sasa hesabu siku. Mtoto akishachukuliwa, idara ina saa 48, bila kuhesabu siku ambazo mahakama imefungwa, ama imrudishe ama ipeleke ombi kwa hakimu. Ombi likiingia, kikao cha kwanza kinafanyika kabla ya siku ya mahakama inayofuata kwisha. Kama hakimu ameamua mtoto asirudi kwa sasa, zinafuata siku 15 za mahakama hadi kikao cha kupima kama madai ni ya kweli, kisha siku 10 nyingine hadi kikao cha kuamua mtoto akae wapi na mzazi afanye nini ili arudishiwe. Zote hizo ni wiki tano tu. Mwezi na siku chache, na kesi imeshapata sura yake. Wazee wetu huchukua muda huo kupanga nani wa kuzungumza kwanza.

Baada ya hapo inahesabiwa miezi. Kwa mtoto wa miaka 3 au zaidi, mzazi hupewa miezi 12 ya huduma za kumsaidia arudishiwe mwanawe. Kwa aliyechukuliwa akiwa hajatimiza miaka 3, ni miezi 6, kwa kuwa sheria inaamini mtoto mchanga hawezi kukaa muda mrefu bila kujua mama yake ni nani. Hakimu anaweza kuongeza hadi miezi 18, na katika kesi chache hadi 24, lakini lazima kwanza aone kazi imefanyika. Ikishindikana, anapanga kikao ndani ya siku 120. Wanasheria hukiita kwa namba tu, pointi ishirini na sita, kutokana na kifungu cha 366.26, na mzazi asiyeelezwa anadhani wanataja chumba. Hicho ndicho kikao ambacho mtoto anaweza kupewa wazazi wengine.

Sisemi watoto wetu wote wamechukuliwa kwa makosa. Wapo waliopigwa kwa waya wa umeme wakabaki na alama, na hakuna mila nitakayoisimamia kuitetea hiyo. Sheria ya hapa imetenganisha kofi la makalioni lisiloacha madhara na kipigo cha kumuumiza mtoto, na mwalimu akiona alama ana wajibu wa kisheria kuripoti, hana hiari. Wapo pia waliochukuliwa kwa mambo ambayo kwetu ni maisha ya kawaida, kama dada wa miaka tisa kubaki usiku na mdogo wake wakati mama yuko zamu ya usiku kwenye kiwanda. Kesi hizi mbili hazifanani hata kidogo. Ila saa yake ni moja, haingoji kujua wewe ni wa kundi gani.

Kinachoniuma zaidi ni neno ndugu. Katika siku 30 za kwanza idara inatakiwa kuwatafuta jamaa wazima wa mtoto na kuwaarifu, na babu, bibi, shangazi, mjomba na kaka au dada mtu mzima wanafikiriwa kabla ya wengine. Hapo mtoto anaulizwa nani ndugu zake. Anajibu ana baba watatu na mama wanne. Anasema “baba” akimaanisha baba mdogo, anasema “dada” akimaanisha binti wa mama mkubwa, na kwetu hajakosea lolote. Kwenye karatasi ya Kiingereza inaandikwa kwamba mtoto amechanganyikiwa kuhusu familia yake, au kwamba kuna wanaume kadhaa nyumbani. Na siku ya kumtafutia pa kukaa, baba mdogo mwenye nyumba na kazi nzuri hayumo kwenye orodha, kwa kuwa ameshahesabiwa kuwa ni yule yule baba.

Basi ninachowaambia wazazi, siku ile ile ya kwanza, ni hiki: kaa na kalamu, uandike ukoo. Jina, simu, na uhusiano kwa urefu wake: huyu ni mdogo wake baba, tumbo moja; huyu ni mtoto wa dada yake mama. Usiandike ndugu, hata mara moja. Na usiwaache wale wasio wa damu. Sheria ya California inamtambua pia mtu asiye jamaa ambaye mtoto anamjua na kumzoea kama wa familia. Yule mama mliyeishi naye kambi moja ya wakimbizi, Nyarugusu kule Tanzania, miaka kumi, anayeitwa bibi na watoto wako, anaweza kuombwa awachukue. Atakaguliwa nyumba, ataulizwa mengi, lakini mlango upo.

Kisha kuna ukimya. Tumefundishwa kutomkazia macho mkubwa na kutobishana naye. Mama anainamisha kichwa mbele ya hakimu, anajibu “ndiyo” kwa kila swali hata lile ambalo hakulielewa, maana kusema “sijaelewa” ni kama kumwambia mkubwa hajui kusema. Nimeshuhudia ndiyo za namna hiyo na moyo ukanishuka. Una haki ya mkalimani bila malipo. Mtoto wako asikufasirie, kamwe, hata awe na Kiingereza cha dhahabu. Kama huna uwezo wa kulipa na mtoto ameondolewa nyumbani, una haki ya wakili anayelipwa na serikali. Mtoto naye huwa na wakili wake, na huyo si adui yako, ingawa si wako.

Wakili huyo wa bure ana mafaili mengi kuliko mikono, kwa hiyo usimngoje akupigie. Mpigie wewe. Kabla ya kila kikao cha mapitio, ripoti ya mfanyakazi wa ustawi inatakiwa ikufikie siku 10 mapema. Omba usomewe yote kwa Kiswahili, kila ukurasa, maana ukiona uwongo mle ndani ni lazima wakili aujue kabla hakimu hajaketi. Ukipangiwa darasa la malezi la Kiingereza nawe hujui Kiingereza, usikae miezi mitatu kwenye kiti cha nyuma ukitabasamu. Mwambie wakili kwa maandishi wiki hiyo hiyo. Katika vikao vya mapitio hakimu anatakiwa aamue kama idara ilitoa huduma zinazofaa, na kwangu mimi darasa usilolielewa si huduma. Ila hakimu hataweza kulijua jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Vijana wao mwendo ni kinyume. Anakuja wa miaka 16, mkono mfukoni, “Anti, nataka kujikomboa.” Ameona video, amesoma fomu ya maombi hayo, EM-100, anaamini hakimu atamkata kutoka kwa baba yake kama kamba. Ni kweli California inaruhusu kuanzia miaka 14 kuomba kutambuliwa kama mtu mzima kisheria. Namuuliza: unaishi kwako, na wazazi wamekubali au wamenyamaza? Pesa zako unazisimamia mwenyewe, na zinatoka mahali halali? Kodi ya mwezi ujao unayo? Wengi wanakomea hapo. Anayeshinda anaweza kusaini mkataba wa nyumba na kukubali matibabu yake mwenyewe, lakini bado lazima asome, hapigi kura, na wazazi hawawajibiki tena kumlisha. Akiishiwa kabisa, mahakama inaweza kuifuta amri ile. Neno ukombozi limebeba historia kubwa kwetu, na kijana akilisikia anaona bendera. Sipendi litumike hapa.

Baya zaidi, kwa Kiingereza neno hilo hilo ndilo wanalolitumia kwa kijana aliye kwa walezi anapofikisha 18 na kutoka. Kijana anasikia “umekombolewa”, anabeba begi. Hajui kwamba sheria ya jimbo hili inamruhusu kubaki chini ya uangalizi hadi 21, akipewa mahali pa kukaa na msaada, ilimradi anasoma, au anafanya kazi saa 80 kwa mwezi, au yuko kwenye programu ya kumwandaa kwa kazi, au ana ugonjwa unaomzuia. Na aliyetoka akajuta anaweza kuomba kurudi kabla hajafika 21. Nimekutana na waliolala kwenye magari wakiwa na haki hiyo mfukoni.

Yule mama wa jikoni amerudishiwa wawili. Mkubwa alikataa kurudi, bado yuko kwa familia ya walezi, na miezi miwili ijayo anatimiza 18. Ukutani, juu ya lile friji, sasa pana kalenda ya duka la vyakula vya Kiafrika yenye duara nyekundu kila mahali. Wiki iliyopita mwanawe alimpigia kumwambia ameletewa karatasi ya kutoka na anataka kusaini aondoke. Mama hakungoja wazee. Alinipigia saa tano usiku, tukampigia kijana pamoja, na amekubali karatasi ile ikae mezani hadi Alhamisi, atakapokuwa na wakili wake.