Baiskeli ya Mtandaoni Huja Bila Fundi

Ukinunua baiskeli ya resi dukani unalipia vitu viwili: baiskeli, na saa mbili tatu za fundi aliyeifunga, akarekebisha gia, akakaza boliti na kukupimia siti. Ukiagiza mtandaoni, hicho cha pili hakimo kwenye boksi, na ndiyo sababu mojawapo ya bei kupendeza. Canyon ya Koblenz, Ujerumani, imejenga jina lake juu ya hesabu hiyo: baiskeli inatoka kwao hadi mlangoni kwa mteja bila kupita kwa muuzaji wa mtaani. Sina ugomvi na biashara ya namna hiyo. Ninaogombana nao ni wanunuzi wanaoweka bei ya boksi kando ya bei ya dukani wakaona wamepata bwerere, kisha wakachagua baiskeli ambayo mjini kwao hakuna wa kuishika ikigoma.

Maana ukiwa Arusha, Kisumu au Bujumbura, kaboni au alumini si swali la kwanza. Swali ni nani atakayeifungua, kwa kifaa gani, na kipuri kitatoka wapi.

Anza na mhimili wa krenki, pale chini miguu inapozungukia. Kwenye fremu nyingi beringi za hapo hushindiliwa kwa presi ndani ya tundu lisilo na thredi. Tundu likitoka kiwandani halijakaa sawasawa, hata kwa tofauti isiyoonekana kwa macho, beringi inacheza na fremu inaanza kulia kila unapokanyaga, hasa mlimani. Kuzitoa kunataka kifaa chake. Fundi asiye nacho atashika nyundo na kipande cha bomba, na kwenye kaboni pigo moja la upande linatosha kuharibu tundu lenyewe. Kwa hiyo katika orodha ya vifaa tafuta neno BSA: huo ni mhimili wa thredi, unafungwa na kufunguliwa kwa spana yake ya bei ndogo. Wala si ushamba. Specialized, kampuni ya Marekani, walirudisha thredi kwenye Tarmac SL7 ya mwaka 2020, na hiyo ilikuwa baiskeli ya timu za Tour de France.

Linalofuata ni waya. Mtindo wa sasa ni kuzificha zote: zinaingia kwenye usukani, zinapita ndani ya hedseti, yaani beringi za shingo ya usukani, zinapotelea kwenye fremu. Pichani baiskeli inang'aa kama imenyolewa. Lakini beringi ya juu ya hedseti, kipuri kidogo kinacholiwa na jasho na mvua, sasa haitoki mpaka ufungue mipira ya mafuta ya breki, uirudishe, kisha utoe hewa upya. Kazi ya nusu saa imekuwa ya nusu siku, na faida ya upepo unayopata ukiwa peke yako kwenye kilomita 28 kwa saa ni ndogo mno kuilipia hivyo. Chukua baiskeli ambayo waya zinaingia kwenye fremu nyuma ya shingo, nje ya hedseti.

Kwenye gia watu hutazama jina tu. Ngazi za gia za waya za Shimano, kampuni ya Japani, zinajulikana: Claris ina gia 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 10, na 105 ya toleo la R7100 ina 12. Kadiri namba inavyopanda, cheni inakuwa nyembamba, bei yake inapanda, na uwezekano wa kuikuta kwenye duka la vipuri la mjini unashuka. Cheni ya gia 8 unaipata kwa sababu baiskeli za milimani za kawaida zinaitumia pia. Ya 12, agiza mwenyewe. Gia za umeme naziacha kabisa kwa mtu aliye mbali na duka: zinafanya kazi vizuri ajabu mpaka siku zisipofanya.

Muhimu kuliko jina ni meno. Krenki ya meno 50/34 na kaseti, yaani gia za nyuma, ya 11-34 inakupa gia nyepesi ya moja kwa moja: jino 34 mbele, 34 nyuma. Kwa tairi ya 700×28, yenye mzingo wa kama mita 2.13, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kilomita 7.7 kwa saa. Krenki ya 52/36 na kaseti ya 11-30 inakulazimisha kwenda 9.2 kwa mizunguko ileile. Tofauti hiyo kwenye karatasi ni ndogo. Kwenye mteremko wa kutoka Mombo kwenda Lushoto, ukiupanda, ndiyo inayoamua kama utafika umekaa au unaisukuma.

Jambo ambalo picha haikuambii kabisa ni mkono wa breki. Baiskeli za soko la Uingereza huja na breki ya mbele mkono wa kulia. Za Ujerumani, Ufaransa na Marekani, kushoto. Kama ni breki za waya, kubadilisha hakuna shida. Kama ni za mafuta na mipira imepita ndani, ni kuifungua, kuibadilisha na kutoa hewa, kwa hiyo muulize muuzaji kabla ya kulipa kama wanaweza kuifunga unavyotaka. Na ukifika kwenye mafuta yenyewe, angalia sana. Breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Brekifluidi ya gari inayouzwa kila kituo cha mafuta ni DOT, na ukiimimina kwenye Shimano inaharibu sili za ndani. Siku chache baadaye unabana mkono na hakuna kitu. Breki nyingi za SRAM, mshindani wa Shimano, ndizo zinazotumia DOT. Rangi ya chupa isikudanganye, soma maandishi kwenye mkono wa breki.

Sasa saizi, ambapo fedha nyingi zaidi hupotea. Herufi M au namba 54 haina maana moja kwa kampuni mbili. Kinachosema kweli ni jedwali la vipimo vya fremu, na ndani yake mistari miwili: staki, yaani kimo kutoka katikati ya mhimili wa krenki hadi juu ya bomba la shingo, na richi, yaani umbali wa mlalo kati ya sehemu hizo mbili. Staki unaweza kuichezea kwa spesa, pete za kuinulia, chini ya stemu, kile kipande kinachoshika usukani. Richi unairekebisha kwa stemu tu, milimita 10 au 20, ukizidi hapo usukani unaanza kuwa mzito au mwepesi kupita kiasi.

Azima baiskeli ya resi unayokaa vizuri. Isimamishe wima kwenye sakafu iliyonyooka, karibu na ukuta, kisha shusha uzi wenye nati nzito upite katikati ya mhimili wa krenki. Pima kwa mlalo kutoka kwenye uzi hadi katikati ya sehemu ya juu ya bomba la shingo: hiyo ni richi yako. Pima kwa wima, unapata staki. Namba hizo mbili zina thamani kuliko kikokotoo chochote cha tovuti kinachokuuliza urefu wako tu. Kwa siti, simama bila viatu, mgongo ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja kikugandamize kama siti, pima kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni, zidisha kwa 0.883. Sentimita 80 zinakupa 70.6 kutoka katikati ya mhimili hadi juu ya siti. Ni kanuni ya zamani inayohusishwa na Greg LeMond. Ichukue kama pa kuanzia. Ukiwa katikati ya saizi mbili, mimi nasema chukua ndogo. Fremu ndogo unaweza kuirefusha, kubwa huwezi kuipunguza.

Halafu gharama ya kuileta. Boksi la baiskeli lina kama sentimita 140 × 80 × 20. Kampuni za vifurushi vya ndege hutoza kwa ujazo: zidisha vipimo, gawanya kwa 5,000, na hapo unapata kilo 44.8, ingawa baiskeli yenyewe ina kilo 9 au 10. Unalipia hewa. Na VAT ya mzigo wa kutoka nje, Tanzania na Kenya, huhesabiwa juu ya bei pamoja na nauli na bima, si bei ya tovuti peke yake. Tuseme baiskeli dola 1,000, nauli 300, bima 20: unatozwa juu ya 1,320. Hata kabla ya ushuru wa forodha, VAT kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 Tanzania Bara ni dola 237.6, kwa asilimia 16 ya Kenya ni 211.2. Ushuru ukiwepo, VAT inahesabiwa juu yake pia. Mpe wakala wa forodha namba 8712, ndiyo ya baiskeli zisizo na mota, akuambie kiwango cha sasa kabla hujabonyeza popote. Ya umeme iko 8711, ni habari nyingine.

Lakini kwa kuwa umeshalipia kilo 44.8 za ujazo, mwombe muuzaji aweke vipuri ndani ya boksi hilohilo. Cha kwanza ni hanga ya direla, kile kipande chepesi cha alumini kinachoshikilia direla ya nyuma, yaani kihamisha cheni, kwenye fremu. Kimetengenezwa kipinde au kivunjike ili fremu ipone, na fremu nyingi zina umbo lake; hanga ya jirani huenda isiingie. Chukua mbili. Ongeza tyubu nne za valvu nyembamba ya Presta, kwa sababu rimu za resi zimetobolewa kwa hiyo na tyubu ya valvu nene haipiti. Ongeza pia adapta ya shaba ya kuvisha juu ya valvu, maana pampu ya mtaani haiishiki Presta bila hiyo. Pedi za breki jozi mbili, viungo viwili vya cheni, basi.

Usisahau pedali. Baiskeli nyingi za resi huja bila pedali, na mtu hugundua hivyo siku boksi limefika.

Boksi likifika, lipige picha pande zote kabla ya kukata utepe, na tundu au kona iliyobonyea iandikwe kwenye karatasi ya kupokelea, si kutajwa kwa mdomo. Ndani, angalia kwanza ncha za foko na fremu ya nyuma karibu na direla. Ndizo zinazogonga chini. Usibane breki za mafuta kabla magurudumu hayajafungwa: bila diski katikati, pistoni zinasogea na pedi zinafungana. Ikitokea, zirudishe taratibu kwa kipande bapa cha plastiki, si bisibisi.

Kwenye stemu kuna mpangilio, na ukiugeuza utapata mtikisiko wa mbele usiokwisha. Boliti mbili za ubavuni ziwe zimelegea. Kaza boliti ya juu kidogo kidogo, ukibana breki ya mbele na kusukuma baiskeli mbele nyuma, mpaka mchezo uishe na usukani bado unageuka laini. Nyoosha stemu na gurudumu. Ndipo ukaze za ubavuni kwa zamu, robo mzunguko kila moja, hadi kipimo kilichochorwa juu yake, mara nyingi Nm 5. Spana ya kupimia mkazo si anasa kwenye kaboni. Mkono wa fundi aliyezoea nati za pikipiki haujui Nm 5 ni nini. Pedali zote zipakwe grisi, na ya kushoto hukazwa kinyume cha saa, kuelekea mbele ya baiskeli.

Kisha weka cheni kwenye gia kubwa ya nyuma na, gurudumu likiwa limesimama, isukume direla kwa kidole kuelekea spoku. Lazima igome. Ikisogea zaidi, skrubu yenye alama L haijakazwa vya kutosha, na siku ya mlima direla itaingia kwenye spoku. Simama nyuma utazame: kibebeo cha direla kining'inie sambamba na gurudumu. Kikilala ndani, hanga imepinda njiani.

Kuhusu dhamana, soma ni ya nani. Oktoba 2023 Wiggle na Chain Reaction Cycles za Uingereza ziliingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, na hayo yalikuwa maduka makubwa kweli. Ahadi ya muuzaji huenda na muuzaji. Walioko Ulaya na Uingereza wana siku 14 za kubadili mawazo kwa mujibu wa sheria; aliye Dodoma akirudisha boksi la kilo 44 za hesabu, nauli inakula punguzo lote.

Anayeagiza iliyotumika aombe picha ya upande wa ndani wa krenki. Mwezi Septemba 2023 Shimano walitangaza ukaguzi wa krenki za Ultegra na Dura-Ace za gia 11 zilizotengenezwa kati ya Juni 2012 na Juni 2019, kwa kuwa vipande vyake vilivyogundishwa vinaweza kuachana. Namba za modeli FC-6800, FC-R8000, FC-9000, FC-R9100, zote zimo. Muuzaji asiyetaka kupiga picha hiyo, muache.

Kilomita 100 za kwanza zikiisha, pitia kila boliti tena kwa spana ya kipimo. Waya mpya za gia zitakuwa zimelegea: zungusha kirekebishi cha waya robo mzunguko kinyume cha saa, jaribu, ongeza robo nyingine. Boksi lisichanwe mpaka hapo.