Klinka ndiyo mkosaji, zege limesingiziwa

Mjadala wa ujenzi na mazingira ukianza tu, zege huwa limeshahukumiwa. Takwimu inayosomwa ni ileile: saruji hutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Kisha unafuata ule mfano unaopendwa, kwamba saruji ingekuwa nchi, ingegombea nafasi ya tatu ya uchafuzi na India. Takwimu hiyo ni ya kweli na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba yenyewe inataja saruji, wasikilizaji wanaondoka wakilaani zege, na klinka, yaani mabonge ya tanurini yanayosagwa kuwa saruji, haitajwi kabisa.

Katika zege la kawaida, saruji ni kama sehemu moja kati ya nane za uzito. Nyingine ni kokoto, mchanga na maji. Ndiyo maana kilo moja ya zege hubeba gramu 100 hadi 150 hivi za hewa ukaa, wakati kilo moja ya chuma kilichotoka kwenye tanuri la makaa ya mawe hubeba kilo 2 au zaidi. Tusidanganyane hapo pia: boriti ya chuma ni nyepesi kuliko ya zege inayofanya kazi ileile, kwa hiyo kilo kwa kilo si mizani ya haki. Lakini inatosha kuonyesha kwamba zege limefika kwenye asilimia hizo kwa wingi wake. Ukiacha maji, hakuna kitu binadamu anachokitumia kwa wingi kuliko zege, na saruji peke yake ni takriban tani bilioni 4 kila mwaka.

Anayetaka tuliache atuambie mahali pake tuweke nini. Mbao zina sifa zake. Pale misitu inapopandwa upya zinahifadhi kaboni, na kwa kuta na sakafu za majengo ya kimo cha wastani ningezichagua bila kusita. Ila msingi, bwawa, daraja na bomba kubwa la majitaka haviwasubiri maseremala. Huko Mexico, mpango ulioitwa Piso Firme ulifunika sakafu za udongo za nyumba za watu maskini kwa zege, bila lolote zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba pale udongo ulipofunikwa wote, vimelea vya tumboni kwa watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Hesabu ya kaboni isiyo na safu ya watoto hao ina pengo.

Hoja nzito hasa ya wapinzani iko kwenye namba 44, na cha ajabu wengi wao hawaitaji. Tani moja ya mawe safi ya chokaa ikichomwa mpaka iachane na kaboni yake, huacha kilo 560 za chokaa na kilo 440 za hewa ukaa, yaani asilimia 44 ya jiwe. Hizo 440 hazitokani na moto. Zimo ndani ya jiwe. Tanuri la saruji hufikia nyuzijoto 1,450, na hata ungeliwasha kwa jua au upepo, jiwe litatoa kilo zilezile. Karibu asilimia 60 ya uchafuzi wa saruji unatoka hapo. Kwa hiyo anayetuliza watu kwamba umeme safi utamaliza tatizo hajaitazama kemia. Njia nyingine ni kuinasa gesi kabla haijatoka kwenye bomba, kama kinavyofanya kiwanda cha Brevik, Norway, ambacho mtambo wake uliozinduliwa mwaka 2025 umesanifiwa kunasa tani 400,000 kwa mwaka. Ziweke kando ya tani bilioni 2 na ushei zinazotolewa na saruji dunia nzima, uone safari iliyobaki.

Hata hivyo namba hiyohiyo ndiyo inayonipa moyo, kwa sababu inaonyesha ugonjwa ulipo. Upo kwenye klinka, yale mabonge yanayotoka tanurini kabla ya kusagwa kuwa saruji. Ukipunguza klinka, umepunguza jiwe na moto kwa pamoja. Majivu ya makaa ya mawe na slagi, yale mabaki ya kuyeyusha chuma viwandani, vimeshika nafasi ya klinka kwa miaka mingi, ila vinapungua kadiri mitambo ya makaa inavyofungwa. Udongo wa mfinyanzi haupungui. Saruji iitwayo LC3, iliyoendelezwa na watafiti wa Uswisi, Cuba na India, ina nusu tu ya klinka. Sehemu kubwa ya nusu nyingine ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 pamoja na mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa. Uchafuzi unashuka kwa hadi asilimia 40, bila kuvumbua tanuri jipya.

Kwenye mchanga, nakiri, sina utetezi. Ule wa jangwani umesuguliwa na upepo ukawa laini mno, hivyo mito na fukwe ndizo zinazochimbwa, na hakuna saruji mpya itakayobadilisha hilo.

Lakini klinka nyingi inapotea kwa mazoea tu. Mikataba mingi hudai zege lifikie nguvu yake siku ya 28 tangu limwagwe. Zege lenye majivu au slagi kwa wingi hukomaa polepole: siku ya 28 linaweza kuwa nyuma, na siku ya 90 likawa limelipita lile la kawaida. Mkandarasi asiyetaka mchemraba wake wa majaribio, lile bonge la zege linalokandamizwa kupima nguvu, ufeli siku hiyo anaongeza saruji, na klinka ya ziada inazikwa chini ya jengo bila kazi. Kwa sakafu ya ghorofa, ambayo mbao za kuishikilia zinasubiriwa ghorofa ya juu yake, haraka hiyo naielewa. Kwa msingi ambao utakaa miezi mingi kabla ya kubeba uzito wake wote, siielewi.