Bei inapogeuka baharini: je, Mvietnam ni mkorofi?

Wauzaji wa korosho ghafi za Mtwara na Lindi wana lalamiko moja dhidi ya wanunuzi wa Vietnam. Mkataba unasainiwa Novemba, kontena linapakiwa Desemba, kisha meli ikiwa baharini unaingia ujumbe: soko limeshuka, tupunguzie. Neno linalofuata huku kwetu ni "matapeli". Lalamiko lina ukweli ndani yake, na nitaufikia, lakini utapeli ni maelezo mepesi mno kwa ugomvi unaojirudia kila msimu, kati ya watu wanaoendelea kuuziana mwaka unaofuata.

Tuanze na kalenda. Korosho zetu zinaanza kuvunwa Oktoba, wakati maghala ya Vietnam yamepungua na Cambodia na Afrika Magharibi hawana mzigo mpya. Hapo ndipo tuna sauti. Februari mavuno ya Cambodia na ya Vietnam kwenyewe yanaanza, Afrika Magharibi inafuata, na bei ya Novemba inakuwa habari ya zamani. Katikati ya mabadiliko hayo inaangukia Tet, mwaka mpya wao: mwaka 2024 ilikuwa Februari 10, 2025 Januari 29, 2026 Februari 17. Sheria ya kazi inatoa siku 5 za mapumziko, lakini wabanguaji husafiri kwao mapema na kurudi taratibu. Kontena likitua bandari ya Cat Lai, Ho Chi Minh, wiki hiyo, halina wa kulifungua. Siku za bure za kuliweka kontena zinakwisha, tozo inaanza kuhesabu, na mtu wa kwanza kupigiwa simu ni muuzaji.

Anayeijua Tet hupakia mapema au huchelewesha kwa makusudi. Tena hudai salio lake kabla ya sikukuu, kwa sababu Wavietnam hawapendi kuingia mwaka mpya na deni, na wiki mbili kabla ya Tet kila mtu anakimbizana na madeni yake. Ukidai baada ya Tet utasubiri.

La pili ni kisu cha kukatia sampuli. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na hapa ndipo wengi huona hila mahali ambapo pana hesabu tu. Ubora wa korosho ghafi hupimwa kwa ratili za kiini kinachofaa ndani ya gunia la kilo 80. Wanunuzi huita KOR. Sampuli ya kilo moja inahesabiwa, punje zinakatwa moja moja, kisha viini vinatengwa: vizuri, vyenye madoa au vilivyosinyaa, na vibovu. Unachukua gramu za viini vizuri, unaongeza nusu ya gramu za vyenye madoa na vilivyosinyaa, unazidisha kwa 0.1764. Ukipata gramu 283, umefika takriban ratili 50.

Sasa tazama udogo wa mambo. Kilo moja yenye punje 190 na jumla hiyo ya gramu 283 ina maana kila punje inachangia takriban gramu 1.5. Punje 8 zikikutwa mbovu, umepoteza gramu 12, na ratili 50 imekuwa chini kidogo ya 48. Punje 8 kati ya 190! Chukua mfano wa dola 1,500 kwa tani: ratili moja ni dola 30, mbili ni 60, na kwenye kontena la tani 25 ni dola 1,500. Kwa kontena 20 ni dola 30,000, zilizoamuliwa na mkono uliochomeka bomba la sampuli kwenye gunia hili badala ya lile. Mpimaji wa Mtwara na wa Ho Chi Minh wanaweza wote kuwa waaminifu na bado wakatofautiana hivyo. Ongeza korosho zilizopakiwa na unyevu unaozidi asilimia 10, ndani ya kontena lisilotandikwa karatasi wala kutundikwa mifuko ya kunyonya maji: mvuke unapanda usiku, unadondoka kutoka darini, magunia ya juu yanaota ukungu. Muuzaji anasema "nilipakia mali nzuri". Kweli alipakia. Iliharibika njiani.

Mwenye kiwanda naye hana nafasi ya kupumua. Tangu 2006 Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza viini nje, lakini malighafi nyingi inatoka Afrika na Cambodia. Ananunua kwa mkopo wa benki, anauza kwa Wamarekani, Wachina na Waholanzi, na faida ni nyembamba. Bei ya ghafi ikianguka kabla hajabangua, jirani yake aliyenunua wiki tatu baadaye atamshinda sokoni kwa viini vile vile. Kuomba punguzo, kwake, ni sehemu ya uhusiano: leo nibebe, msimu ujao nitakubeba. Hata Kanuni ya Kiraia ya Vietnam ya 2015, kifungu cha 420, inaruhusu upande mmoja kuomba mazungumzo mapya hali ikibadilika kimsingi. Masharti yake ni magumu, na mshuko wa kawaida wa bei haufikii hapo, lakini kifungu hicho kinaonyesha kwamba kurudi mezani si aibu kwao.

Lugha pia inachanganya. Mvietnam anasema "dạ" ukieleza sharti lako, nawe unasikia "ndiyo, nimekubali". Mara nyingi maana yake ni "nakusikia, kaka". Hilo tungepaswa kulielewa haraka kuliko Mzungu, kwa kuwa wao kama sisi hawaitani bila undugu: anh ni kaka, chị ni dada, em ni mdogo. Nasi pia tuna "sawa" isiyo na sahihi ndani yake.

Upande wa muuzaji sasa. Yeye amenunua mnadani, kupitia vyama vya msingi na stakabadhi ghalani. Bei imetangazwa hadharani na mkulima amelipwa. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje nao hausubiri Tet. Hawezi kumrudia mkulima hata kwa shilingi moja na kusema "tubebane". Kibaya zaidi, ombi la punguzo huja wakati hana pa kukimbilia. Kontena likishatua, kumuuzia mwingine mara nyingi kunahitaji barua ya mpokeaji wa kwanza ya kuliachia, na huyo ndiye anayebishana nawe. Kuna wanaosubiri kwa makusudi tozo zipande ndipo wataje bei. Hao sina utetezi wao.

Ila tusijifanye malaika. Mwaka 2024 bei ilipopanda, chama cha wafanyabiashara wa korosho cha Vietnam, Vinacas, kililalamika kwamba wauzaji wa Afrika Magharibi hawakuleta mzigo waliousainia, au walitaka bei mpya. Ugonjwa ni ule ule, mgonjwa ndiye aliyebadilika. Wavietnam nao wameshaumwa na Ulaya: Machi 2022 kontena takriban 100 za viini zilikuwa zikienda Italia kwa utaratibu ambao benki humkabidhi mnunuzi hati baada ya malipo, na hati halisi za kontena 36 zikatoweka njiani. Karibu zote ziliokolewa, lakini baada ya hofu kubwa. Mvietnam anayekukagua mara tatu leo ana sababu yake.

Kwa hiyo ombi la punguzo lisikushangaze, likukute umejiandaa. Mkataba utaje punguzo kwa kila ratili inayopungua, na kiwango ambacho chini yake mnunuzi anaweza kukataa mzigo. Wengi husaini "ubora wa mwisho hupimwa bandari ya kufikia" bila kutaja nani anapima, kwa sampuli ngapi, mbele ya nani. Hapo umempa mwenzako kisu na mizani vyote. Taja mpimaji, na wakala wako awepo. Malipo yakiwa kwa LC, yaani barua ya benki inayodhamini malipo, tarehe ya mwisho ya kupakia iwe mbali na Tet. Usitegemee faini kubwa: Sheria ya Biashara ya Vietnam ya 2005 inaiwekea kikomo cha asilimia 8 ya thamani ya sehemu iliyovunjwa. Mgogoro upelekwe kwenye usuluhishi. Vietnam iliingia Mkataba wa New York, wa kutambua hukumu za usuluhishi za nje, mwaka 1995, na Tanzania iliingia muda mrefu kabla yake. Hakikisha aliyesaini ndiye mwakilishi wa kisheria wa kampuni, ukitafuta namba yake ya kodi kwenye daftari la taifa la makampuni, si meneja mchangamfu wa Zalo, programu yao ya kutumiana ujumbe. Na ukimwita kwa heshima, tumia jina lake la mwisho, kama vile Võ Nguyên Giáp anavyoitwa Jenerali Giáp.

Na siku ya kupakia, wakati wa kuchota sampuli, chota mbili zaidi. Zitiwe lakiri na pande zote, moja isafiri na hati, nyingine ibaki kabatini Mtwara mpaka salio liingie benki.