Shaba ya Simbu na subira ya jeshi

Katika sherehe za kitaifa zinazofanyika Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, mimi hupenda kutazama vifua vya wanajeshi kuliko gwaride lenyewe. Nishani ya utumishi mrefu haimwambii mtazamaji nani alikuwa wa kwanza na nani wa tatu. Inasema tu kwamba aliyeivaa alitumikia kwa miaka mingi, akavumilia, wala hakuharibu kazi. Mwanariadha akirudi na medali ya shaba tunamhukumu kwa kipimo kingine: watu wawili walimshinda, basi.

Madini yenyewe hayana kosa. Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani nchini Uingereza tangu mwaka 1856, ni wa shaba. Hata hivyo, ufalme huohuo, baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, uliwapa wapiganaji wake medali ya vita ya fedha, huku wengi wa vikosi vya vibarua kutoka China, India na Malta wakipewa medali hiyohiyo kwa shaba, ili tofauti ionekane. Anayemvisha mtu medali ndiye anayeamua ina uzito gani, na hapo ndipo ninapoona kwamba sisi mashabiki tumekuwa wachoyo.

Chukua mfano wa Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida na askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Agosti 2017 jijini London alipata shaba ya marathoni ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 51, akiwa nyuma ya mshindi wa pili, Tamirat Tola wa Ethiopia, kwa sekunde mbili tu. Septemba 2025, huko Tokyo, alitwaa dhahabu ya mashindano hayohayo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa tofauti ambayo jicho la kawaida lisingeweza kuiona. Kati ya shaba iliyosahaulika upesi na dhahabu iliyotikisa nchi nzima kuna sekunde tatu za saa ya mkononi. Najua njia, hali ya hewa na wapinzani havikuwa vilevile, lakini mtu ni yuleyule na kazi ni ileile.

Katikati ya medali hizo kuna miaka minane, na ndani yake imo Olimpiki ya Paris ya 2024 alikomaliza wa 17. Mwanariadha asiye na ajira angeweza kuning'iniza viatu baada ya matokeo kama hayo. Askari ana mshahara na ana kambi, na akishika nafasi ya 17 bado anahesabika kuwa kazini. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989, naye alikuwa mwanajeshi, kama alivyokuwa Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa mita 1,500. Sioni kwamba hilo limetokea kwa bahati.

Jeshi, hata hivyo, haliwezi kumwajiri kila kijana anayekimbia alfajiri kandokando ya barabara ya Singida. Halmashauri na mashirika ya umma yanayopenda kupiga picha na washindi yangeanza kwa kuwaajiri wawili watatu kati ya hao sasa, wakiwa bado wanamaliza wa saba au wa kumi, na kuwaruhusu wafanye mazoezi kama sehemu ya kazi yao.