Eti Si Wabadilishe Tu Sheria

Huyu anayekaa kijiweni, kahawa mkononi, akisema "si wabadilishe tu sheria", naomba apewe muswada ausome. Tena ule wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, muswada mmoja unaogusa sheria nyingi kwa mpigo.

Unaufungua kwa heshima zote, miwani imefutwa. Unakuta kitu kama hiki: "Sheria Kuu inarekebishwa katika kifungu cha 9 kwa kufuta neno 'na' na kuweka badala yake neno 'au'." Basi. "Na" gani? Iko wapi? Haya, tafuta hiyo Sheria Kuu, yaani ile inayorekebishwa. Umeipata, kumbe ilishafanyiwa marekebisho. Tafuta na hayo. Hayo nayo yalirekebishwa. Kufika magharibi meza imejaa makaratasi kama ya muuza vitumbua, na unachosaka ni "na" moja! Usiidharau: "leseni na kibali" ni safari mbili, "leseni au kibali" ni moja. Ukurasa wa pili wamehamia kwenye samaki, wa tatu kwa mawakili, muswada ni uleule. Hujaipata "na" yako, tangazo limetoka: wadau leteni maoni Dodoma, keshokutwa.

Wenye kampuni wanakuja na mwanasheria na jedwali: kifungu, kinavyosema, kisomekeje, sababu. Wewe umekuja na hasira. Hasira unaijaza safu ipi? Utashukuriwa sana, uketi.

Na msiseme Bunge la Tanzania ni kobe. Hotuba ya bajeti Juni 10, 2021; Julai 15 tozo ya miamala ya simu ishaanza kukata, hadi shilingi 10,000 kwa muamala. Siku 35! Watu wakapiga kelele, Septemba ikapunguzwa asilimia 30, na Bunge halikuitwa: viwango vilikaa kwenye kanuni, na kanuni ni kalamu ya waziri. Kwa hiyo kabla hujaiandama Sheria, tazama kinachokuuma kisije kikawa kwenye kanuni.

Ila Sheria ya Ndoa ya 1971, ah. Kifungu cha 13 binti wa miaka 15 anaolewa. Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema hicho na cha 17, cha ridhaa ya wazazi, vinavunja Katiba, serikali irekebishe ndani ya mwaka mmoja. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 rufaa ikatupwa. 2020 ikaingia, ikatoka, vifungu vilikuwa palepale. Mwaka mmoja wa kalenda gani jamani? Binti aliyekuwa na 15 siku ya hukumu, wakati huo alikuwa keshafika 19!

Na hiki kikombe cha kahawa, nani kakipunguza? Muswada wake ulisomwa bungeni mara ya kwanza lini? Kashata nazo naziona zimekonda.